Hapana Moja ya Mtaa wa Zaituni

Ipo jamhuri moja ya Waarabu, na anayesema haipo na aseme polepole. Jina lake kamili ni refu hata watoto wa shule hulianza kengele ya kwanza wakalimaliza karibu na mapumziko, maana kila Rais akifurahi huliongezea neno: ya Kiarabu, ya Wananchi, ya Umoja, ya Milele, ya Baada ya Milele. Wenyewe huiita Jamhuri tu. Wakiitaja hugeuka kutazama nyuma, si kwa hofu, Mungu apishe mbali, bali kwa mazoea, kama mtu anayetazama kama mlango kaufunga.

Katika Jamhuri hiyo watu humchagua Rais kila miaka saba, kwa uhuru wao. Mgombea ni mmoja, ili wasipate taabu ya kuchagua, na swali ni moja: "Je, unamkubali?" Chini ya swali pana viduara viwili. Cha Ndiyo ni cha kijani, kipana kama mkate. Cha Hapana ni cha kijivu, kama tundu la sindano, tena kimewekwa pembeni kabisa, mahali ambapo mkono wa mtu hufika umeshachoka.

Uchaguzi uliotangulia Rais alipata asilimia mia moja. Walimkubali wagonjwa, walimkubali wafungwa, walimkubali na watoto watatu waliozaliwa asubuhi ile. Nchi ikapiga ngoma wiki nzima. Lakini mfalme wa nchi jirani, ambaye hajapigiwa kura na mtu tangu azaliwe, aliposikia ile mia moja akacheka mbele za wageni hadi akashika mbavu. Rais akapelekewa habari. Siku mbili hakula. Ya tatu akatokea kwenye televisheni macho mekundu, akasema:

"Enyi wananchi. Ukamilifu ni wa Mwenyezi Mungu peke yake. Mimi ni nani hata nikubaliwe na kila mtu? Nimekaa, nimejitazama, nimejiona nina upungufu. Nauagiza umma unipunguze. Kidogo."

Wizara ya Maafikiano ikakaa siku arobaini kuipima hiyo kidogo. Ikatoka na asilimia tisini na tisa nukta tisa saba. Miaka saba ilipotimia, Hapana zilizobaki zikagawiwa mikoa, mikoa ikazigawa kwa mitaa, kama inavyogawiwa dawa ya panya. Mtaa wa Zaituni ukapata Hapana moja, na barua yenye mihuri sita: itolewe kwa hiari, kabla ya saa sita mchana.

*

Hapo mtaani aliishi Hajjat Wafika, mjane. Mumewe, Haji Shukri, alikuwa fundi wa kutia bati masufuria ya shaba, na alikwishafariki miaka minne nyuma. Walikuwa hawana mtoto. Walipokwenda kuhiji walirudi na sanda mbili walizozichovya katika maji ya Zamzam, wakazitia kashani, moja juu ya nyingine. Haji akatangulia na yake. Ya Wafika ikabaki, na kila Ijumaa aliitoa, akaikung'uta, akaikunja tena. Alikuwa mtu wa maneno machache. Watu walidhani hana ajualo, kumbe alikuwa akitazama.

Jumatatu ya kabla ya kura, yuko uani anachambua dengu, mukhtari akabisha hodi. Mukhtari, kule kwao, ndiye mkuu wa mtaa: mwenye muhuri, mwenye daftari, mwenye kujua nani kazaliwa na nani kakohoa. Huyu akiitwa Abu Nizar.

"Salamu alaikum, Hajjat."

"Alaikumu salamu. Umekuja na barua au umekuja na habari?"

"Nimekuja na heshima. Haji wako amepata kazi ya taifa."

Wafika akatoa jiwe katika dengu, akalitupa. "Haji wangu amekufa, Abu Nizar. Ulikuwako."

"Hiyo ndiyo sifa tuliyoitafuta." Mukhtari akakaa bila kukaribishwa. "Tuna Hapana moja ya kutoa. Kamati imekaa tangu asubuhi. Muuza nyama kasema ana watoto. Mwoka mikate kasema ana watoto. Kinyozi hana, lakini kasema ana nia. Basi tukawaza: nani mtaani hapa haogopi kitu? Marehemu. Hana mshahara ukakatwa, hana mtoto akafukuzwa shule. Na kupiga kura anakujua. Tangu afe amepiga mara mbili."

"Mara mbili?"

"Ya mabaraza, na ile ya kumshukuru Rais kwa mvua. Zote Ndiyo. Hajatuangusha hata siku moja."

"Na nani humpigia?"

Mukhtari akakitazama kidole gumba chake. Kilikuwa cha buluu hadi kifundoni, wino wa miaka. "Mimi, nani mwingine. Napiga ya makaburini, napiga ya wagonjwa, napiga ya wanawake. Kwani wewe umepata kusumbuliwa?"

"Sijapata kuulizwa."

"Umeona basi. Huo ndio upole wa serikali."

Wafika akauweka chini ungo. "Kinywa cha Haji nilikifunga mimi, kwa kitambaa cheupe, kwa mikono hii. Usikifungue wewe."

"Ni kiduara tu, Hajjat. Hakina sauti."

"Nikuulize. Katika daftari lako, Haji ni mzima au amekufa?"

"Katika daftari wote ni wazima. La sivyo hizo asilimia tungezitoa wapi?"

"Basi hiyo Hapana hukumpa maiti. Umempa mtu mzima."

Mukhtari akacheka. Kisha akawa hacheki. Akaangalia mlango, akasema kwa sauti ndogo kwamba jina limeshapelekwa wizarani, na wizarani neno likiingia halitoki. Akanywa maji ya watu, akaenda zake.

*

Jumanne kura ikapigwa. Jumatano hesabu ikatangazwa, tisini na tisa nukta tisa saba, na mizinga ikalia, na mfalme jirani hakucheka. Alhamisi Rais akahutubia.

"Walionikubali nawashukuru," akasema, "lakini nyinyi mko wengi, sina haja ya kuwajua. Moyo wangu uko kwa wale wachache. Nani kawaudhi? Usingizi wanaupata? Nataka kuwajua kwa majina. Nataka kila mmoja wao aje anywe kahawa nasi."

Wafika aliisikia redioni kwa jirani, Umm Lutfi. Umm Lutfi akasema, "Mtu mwema, hana kinyongo." Akasema hivyo mara tatu, kila mara akikaribia redio zaidi.

Wiki iliyofuata magari meupe ya Idara ya Utulivu yakaanza kupeleka mialiko. Katika mtaa wa watengeneza ngozi Hapana yao walimpa mwalimu mstaafu, kwa kupiga kura ya siri ambayo kila mtu alijua atashindwa nani. Mkewe akampigia pasi suti. Akaondoka amenyoa. Siku ya nane likaja boksi dogo limefungwa kwa karatasi ya kijani. Ndani mna finjani ya kahawa, imeoshwa vizuri, na kadi ya serikali: "Aliifurahia." Mwalimu mwenyewe hakuja. Mkewe hakujua finjani ile aiweke kabatini au aizike.

Kisha zikaja finjani nyingine, mtaa hadi mtaa. Zote za aina moja, nyeupe, zenye ukingo wa dhahabu. Serikali ilikuwa haibanii.

*

Gari la mtaa wa Zaituni lilifika Jumapili baada ya adhuhuri. Nyuma ya usukani palikaa dereva mnene asiyesema, kioo chake kimeshushwa, na kioo kile hakikuonekana kupandishwa hata lilipotimka vumbi. Akashuka kapteni, Rifaat kwa jina, mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye adabu nyingi. Alivua kofia mlangoni.

"Hapa ndipo kwa bwana Shukri, fundi wa bati?"

"Ndipo palipokuwa kwake, mwanangu."

"Nimemletea mwaliko. Yuko?"

"Yuko makaburini. Safu ya tatu, ukiingia kulia."

Kapteni akatoa daftari, akaandika. "Anafanya nini huko?"

"Anangoja."

"Anangoja nini?"

"Kufufuliwa."

"Peke yake?"

"Na wenziwe. Wako wengi."

Rifaat akaandika: mkutano usio na kibali, makaburini, idadi kubwa, wanangojea tukio. Akapiga mstari chini yake. "Hajjat, sina nia mbaya. Lakini faili linasema bwana Shukri alipiga kura Jumanne ya wiki juzi, saa nne na nusu asubuhi. Mtu hawezi kupiga kura saa nne na nusu akawa amekufa miaka minne nyuma."

"Hapo tumekubaliana."

Akaomba ruhusa ya kupekua. Akapekua kwa heshima, kila alichokitoa akikirudisha. Alipofungua kasha akaikuta sanda. "Hii?"

"Sanda yangu. Tulirudi nazo mbili kutoka Makka. Moja yake, moja yangu."

"Na ya kwake iko wapi?"

"Kaenda nayo."

Kapteni akatikisa kichwa taratibu, kama daktari aliyeuona ugonjwa. "Kwa hiyo aliondoka na nguo zake. Safari ilipangwa."

"Wahenga walisema maiti haulizwi sanda, mwanangu."

"Wahenga hawakuwa Idara ya Utulivu," akasema Rifaat bila ubaya wowote. Akaacha mwaliko juu ya kasha. "Namngoja hadi Alhamisi."

*

Wafika akaenda ofisi ya vizazi na vifo kutafuta cheti cha kifo, kile ambacho miaka minne hakukihitaji, maana yeye aliyemzika alikuwa anajua. Karani akafungua kitabu, akapeleka kidole chini hadi kwenye jina, akakiondoa haraka.

"Huyu amepiga kura majuzi."

"Hakupiga yeye."

"Mama, sikiliza. Ukisema amekufa, umesema Rais amekubaliwa na maiti. Umesema hivyo?"

"Sijasema."

"Vizuri. Basi yuko hai. Na kama yuko hai, wewe si mjane." Akanyoosha mkono kwa huzuni, akaomba kadi yake ya mkate wa wajane, akaikata kwa mkasi vipande viwili sawasawa. "Mumeo akirudi, mwambie akuandikishe kwenye yake."

Akatoka hapo akaenda kwa mukhtari. Akamkuta amekaa barazani, kidole gumba amekitia katika bakuli la ndimu na chumvi. Kilikuwa bado buluu.

"Njoo ukawaambie ni kidole chako," akasema Wafika.

"Nikiwaambia ni kidole changu, wataniuliza kimepiga ngapi." Alikuwa analia bila kujificha. "Nusu ya mtaa ni kidole hiki, Hajjat. Nina mabinti wanne. Nisamehe."

"Kusamehe si kwangu. Kwa Haji."

"Haji ananisamehe?"

"Kamuulize. Wewe ndiye unayemsemea."

*

Jumatano Rifaat akarudi, uso mzito. Wakuu wake walikuwa wamekaa. Mwaliko wa Rais haukataliwi. Kama bwana Shukri haji, atafuatwa alipo. Wachimbaji wawili wamekwisha agizwa, kesho alasiri.

Wafika akashika fremu ya mlango. Alikuwa amefundishwa tangu chuoni kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja wa mtu mzima. Akauona mkono wa Haji, ule wenye kovu la moto, akauona umeshikwa na watu asiowajua.

"Mtamfanya nini?"

"Atakaa kwenye kiti. Ataulizwa sababu. Asipojibu itaandikwa kwamba amegoma." Kapteni alikuwa anatazama viatu vyake. "Mimi sikuipanga, Hajjat."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo, kwa utaratibu. Mrithi anaweza kuomba jina lifutwe. Lakini hesabu ya Rais haiguswi. Hapana moja ikitoka mtaa huu, moja lazima iingie. Nimezunguka tangu asubuhi, nimegonga kila mlango. Watu wana watoto."

"Ngoja niswali."

Akaingia ndani. Rifaat akangoja uani, kofia mkononi, na dereva akangoja garini, sikio dirishani. Alipotoka, maji ya udhu yalikuwa bado yanamtiririka kidevuni.

"Mkiniandika mimi, Haji mtamwacha?"

"Tutamwacha hadi Kiyama. Baada ya hapo si mamlaka yetu."

"Na cheti chake mtanipa, chenye muhuri, kwamba amekufa."

"Utapata."

"Basi kesho. Hapo hapo kaburini, watu wote wakiona. Sitaki nifanyiwe ofisini."

*

Alhamisi alasiri mtaa mzima uliamriwa kuhudhuria, nao ukahudhuria kwa hiari. Wachimbaji walisimama safu ya tatu na sepetu zao begani. Rifaat alileta meza, sanduku la kura na karatasi moja. Mukhtari alikuwako, mkono wa kulia mfukoni.

"Utaratibu," akasema Rifaat kwa sauti ya ofisi, "unataka niseme kwamba Hajjat Wafika alikwishapiga kura Jumanne ile, akapiga Ndiyo, na sasa anabadilisha."

"Jumanne ile nilikuwa namalizia kuchambua dengu," akasema Wafika.

Mtu mmoja akakohoa. Wengine wakatazama makaburi, kana kwamba ndugu zao watainuka wawasaidie.

"Hajjat, karatasi inasema."

"Karatasi haikuniuliza. Na wewe bado hujaniuliza. Nisomee swali."

Rifaat akasita. Tangu Jamhuri iwe Jamhuri swali lile lilikuwa likichapishwa, halijasomwa kwa mdomo mbele ya mtu anayetakiwa kujibu. Akaishika karatasi kwa mikono miwili. "Je," akasema, akaisogeza karatasi karibu na macho, akaanza upya. "Je, unamkubali?"

Wafika akafikiri. Hakufanya haraka. Muuza nyama alisimulia baadaye kwamba aliweza kuusikia upepo ukipita kwenye sepetu.

"Hapana, mwanangu," akasema, kwa sauti ya mtu anayekataa sukari katika chai. "Andika."

Akatia kidole chake mwenyewe katika wino, akakibonyeza juu ya kiduara cha kijivu. Kidole kilikuwa kikubwa kuliko kiduara, kikakifunika chote, kikamwagika na nje.

Wachimbaji wakashusha sepetu. Rifaat akatoa cheti cha kifo cha Haji Shukri, akakijaza juu ya meza ile ile, na hapo ndipo kosa lilipofanyika. Serikali ile haiwezi kuandika kwamba mtu alikufa miaka minne iliyopita ikiwa wiki tatu nyuma alipiga kura. Kwa hiyo tarehe ya kufa ikaandikwa ya siku ile, Alhamisi, saa kumi alasiri. Muhuri ukapigwa. Rifaat akafunga faili, akamwonyesha Wafika mlango wa gari, kisha akaganda.

"Amekufa leo," akasema, kama anayejiambia.

"Kwa cheti chako."

"Basi uko edani."

Maana katika Jamhuri hiyo, kifungu cha tisa cha katiba kinasema dini inaheshimiwa, na Rais mwenyewe, mwaka wa nyuma, alipotaka kupendwa na masheikh, alitia sahihi kwamba mjane asitolewe nyumbani kwa sababu yoyote hadi eda iishe, na atakayemtoa amemvunjia heshima Rais. Hakuna aliyepata kukifuta. Hakuna aliyethubutu kuuliza kama kinafutika.

"Eda yangu nilikwishakaa, Mola ni shahidi," akasema Wafika.

"Kwa Mola, ndiyo. Kwetu imeanza saa kumi." Rifaat akapangusa shingo. "Miezi minne na siku kumi. Nenda nyumbani, Hajjat. Tutakungoja."

*

Wakamngoja kweli. Gari jeupe likaegeshwa mbele ya mlango wake, dereva ndani, kioo chini, na juu ya dashibodi finjani mpya yenye ukingo wa dhahabu, ili isije ikasahauliwa.

Na kwa kuwa Haji Shukri alikuwa amefariki rasmi, watu ilibidi waje kutoa mkono wa taazia. Kutokuja kungekuwa kukishuku cheti. Wakaja kumlilia mtu waliyekwisha mlilia, mmoja mmoja, wakileta mikate chini ya shuka, kwa kuwa kadi ya Wafika ilikuwa imekatwa. Kila aliyempa pole, Wafika alimuuliza, kwa sauti ya kawaida ya kuulizana hali:

"Jumanne ile, wewe uliulizwa?"

"Mimi?" alisema Umm Lutfi, akitupa jicho kwa gari. "La. Sikuulizwa, Hajjat."

"Ahaa. Nilidhani ni mimi tu."

Basi, si zaidi. Kinyozi naye akaulizwa, akasema la. Mwoka mikate la. Muuza nyama akafikiri sana, akasema angekumbuka. Wakitoka pale wakawa wanaulizana wao kwa wao, kwenye tanuri, kwenye bomba la maji, kwa kinyozi mtu shingo ikiwa chini ya wembe. Uliulizwa? La, na wewe? Idara ikaletewa taarifa kwamba wananchi wa Zaituni wanaulizana kama waliulizwa. Wanasheria wakatafuta katika orodha ya maneno yaliyokatazwa, wakapekua kurasa mia nne, neno hilo hawakulikuta. Lilikuwa halijawahi kuhitajiwa.

Hata hivyo mwezi wa tatu duka la muuza nyama halikufunguliwa. Siku ya nane boksi la kijani likapelekwa kwa mkewe. Mukhtari naye akaonekana na bendeji kwenye mkono wa kulia. Akasema aliumia kwa shoka akipasua kuni, na watu wakampa pole, na hakuna aliyemuuliza kilichobaki chini ya bendeji. Mikate kwa Wafika haikukoma kuja. Maswali pia hayakukoma, ila sasa watu waliulizana kwa macho.

Eda ilipoisha, kesho yake Wafika aliamka alfajiri, akaswali, akaoga, akamwagilia mndimu wake uani. Akatoa sanda kashani, akaikung'uta, akaitia katika mkoba wa kitambaa pamoja na tasbihi. Ufunguo akampa Umm Lutfi juu ya ukuta wa uani. Rifaat aliponyanyua mkono abishe, mlango ulikuwa tayari uko wazi.

"Umechukua nini, Hajjat?"

"Nguo yangu."

"Kule kuna kila kitu."

"Hiki ninacho."

Mtaa ulisimama milangoni. Rifaat akamfungulia mlango wa nyuma, akaketi kando yake. Gari likaondoka. Njia nzima ilikuwa picha za Rais, moja kila nguzo, tabasamu lile lile, na Rifaat alikuwa akizitazama moja moja kama anayezihesabu. Alikuwa amekonda tangu siku ya makaburini. Kola ya shati ilikuwa inampwaya.

"Mwanangu Rifaat," akasema Wafika.

"Naam, Hajjat."

"Katika watu wote sijakuuliza wewe. Jumanne ile, uliulizwa?"

Zikapita nguzo tatu, nne. Pengine alisahau wako wangapi garini. Pengine alikuwa amechoka, na bibi yule alikuwa na sauti kama ya mamake.

"Sisi hupigiwa na mkuu wetu," akasema polepole. "Idara nzima. Kwa orodha." Akajaribu kucheka. "Hata karatasi yenyewe niliiona mara ya kwanza siku ile, nilipokusomea."

Dereva akanyoosha mkono, akapandisha kioo. Kikapanda hadi juu, kikaziba. Miezi minne na siku kumi kilikuwa chini, na sasa hakukuwa tena na la kusikiliza nje.

Wakafika kwenye lango la Idara. Mlinzi akatoka na sinia yake, kama kawaida, akagonga kioo cha dereva, nacho kikashushwa kidogo.

"Finjani ngapi leo?"

Dereva, ambaye mtaa wote wa Zaituni ulidhani ni bubu, akamtazama Rifaat kwenye kioo cha ndani. Hakumtazama kwa ubaya.

"Mbili," akasema.

Lango likafunguka. Wafika akaushika mkono wa kapteni. Ulikuwa wa baridi kama ile mikono aliyozoea kuiosha watu wanapofariki mtaani.

"Ulipotoka nyumbani leo, mwanangu," akamuuliza, "uliwaaga?"